Homa ikikupanda ukiwa China: chaihu, qinghao, yinqiao au Panadol tu?

Hii ni kwa wanaokuja Guangzhou kuchukua mzigo na wanafunzi mlioko Wuhan, Nanjing na kwingineko, maana kila baridi ikianza swali ni lile lile: mwili unawaka, nimeshuka duka la dawa hapo chini, dada wa dukani kanipa boksi limeandikwa Kichina mwanzo mwisho, anasema ni ya mitishamba, nzuri sana, haina madhara, je ninywe au nimeze Panadol zangu nilizotoka nazo nyumbani? Sasa nazipanga hapa sambamba zile ambazo lazima utakutana nazo, na msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo, kuchagua dawa ya homa kwa kuangalia ipi inashusha haraka ni kuchagua vibaya, unachagua kwa kuangalia homa imeletwa na nini.

Tuanze na chaihu maana ndo baba lao kwenye homa. Ni mzizi mkavu wa kahawia, familia moja na karoti na giligilani, na kwenye kitabu rasmi cha dawa cha China zinakubalika aina mbili, Bupleurum chinense wanayoiita ya kaskazini na Bupleurum scorzonerifolium ya kusini. Kuna ndugu yao mwingine wa majani mapana, Bupleurum longiradiatum, huyo ana sumu na kitabu hicho hicho kinakataza kumtumia badala yao. Kwa hiyo ile mizizi ya kupimiwa kwenye mizani sokoni, ambayo wewe na mimi hatuwezi kuitofautisha kwa macho, achana nayo, kama unataka chaihu chukua iliyofungwa kiwandani yenye namba ya usajili au uandikiwe na daktari wao.

Daktari wa Kichina wa jadi haulizi tu homa ni nyuzi ngapi. Atakuuliza inakuja saa ngapi, unatoka jasho au hutoki, una kiu, unasikia baridi au joto tupu. Chaihu anaitoa kwa homa ya kupokezana na baridi, yaani sasa hivi unatetemeka unaomba blanketi la pili, baadae kidogo unawaka moto unalitupa lote chini, mdomo mchungu, chakula hutaki hata kukiona, kichefuchefu, mbavu zinabana. Sasa jamani, hizo dalili mtu wa Muheza au Kisumu akizisikia si anasema moja kwa moja ni malaria? Hapo ndo pa kushtuka, na ntarudi hapo chini kwasababu ndo kiini cha yote.

Chaihu hunywewa mara chache peke yake. Utakayouziwa ni xiao chaihu, chenga kwenye sacheti unazokoroga na maji ya moto. Mapishi yake ni ya Zhang Zhongjing, daktari wa mwishoni mwa enzi za utawala wa Han, karibu mwaka 200, na yana vitu saba: chaihu, huangqin, banxia, ginseng, mzizi mtamu wa gancao, tangawizi mbichi na kunazi za Kichina (kwenye sacheti za siku hizi ginseng imebadilishwa na dangshen ambayo ni rahisi zaidi). Maelekezo ya kuchemsha nayo yamekaa kihesabu kweli kweli, maji vipimo 12 yachemke yabaki 6, chuja utupe makapi, rudisha motoni mpaka yabaki 3, kunywa kimoja kimoja mara tatu kwa siku kikiwa vuguvugu. Yaani inapikwa mara mbili. Kumbuka hilo tukifika kwa qinghao.

Inashusha homa kweli? Maabara ndiyo, panya na sungura waliopandishwa homa makusudi wakipewa mafuta ya chaihu au saikosaponini zake, yaani kemikali za huo mzizi, joto linashuka, na inaonekana inapita njia ya kupunguza prostaglandini, kemikali ya kupandisha joto, kwenye ubongo, eneo lile lile linaloguswa na Panadol. Kwa binadamu majaribio mazuri ya chaihu pekee ni machache, ukiambiwa na muuzaji kwamba imethibitishwa asilimia mia, tabasamu tu ulipe uondoke. Mafuta yake nayo ni mepesi, ukichemsha muda mrefu mengi yanaenda na mvuke, kwa hiyo ile kupika mara mbili sidhani kama ndo ilikuwa ya kukimbiza namba ya kipimajoto ishuke. Wanaitafutia mwili kurudi kwenye mstari, ndo lugha yao.

Madhara sasa, maana "haina madhara" ni sentensi inayonikera. Dozi ya kitabu ni gramu 3 mpaka 10 za mzizi kwa siku, ukizidisha sana zile saikosaponini zinasumbua ini. Japani walikuwa wanaitumia hiyo xiao chaihu, wao wanaiita sho-saiko-to, kwa wagonjwa wa ini wa muda mrefu, na miaka ya 90 ikaonekana wengine wanapata ugonjwa mbaya wa mapafu, wagonjwa 10 wakafariki, serikali ikatoa onyo mwaka 1996, na ikakatazwa kabisa kuichanganya na interferoni, dawa nyingine ya wagonjwa hao wa ini. Hao walikunywa muda mrefu na ini lilikuwa limeshachoka, sio mtu wa sacheti za siku tatu, lakini mwenye hepataitisi B, na kwetu wapo wengi, asiibugie hovyo.

Alafu kuna sindano ya chaihu, ya misuli, ambayo Wachina walianza kuitengeneza kwenye milima ya Taihang miaka ya 1940 wakati wa vita dawa za nje zikiwa hazipatikani. Ilipigwa kwa watoto miaka na miaka kushusha homa. Mei 2018 mamlaka yao ya dawa ikaagiza kwenye karatasi ya maelezo iandikwe kwamba ni marufuku kwa watoto. Zahanati ya mtaani ikitaka kumdunga mwanao hiyo kitu, kataa, bila kuona aibu.

Yinqiao ni habari nyingine. Hii ni ya homa inayoanza na koo, yaani koo linakwaruza, kichwa kinauma, joto lipo ila baridi kidogo sana au hamna, mafua yenyewe siku ya kwanza ya pili. Ndani kuna maua ya jinyinhua, matunda ya lianqiao, mnanaa na vingine, mapishi ya Wu Jutong ya mwaka 1798, kwa hiyo ni kijana akilinganishwa na chaihu. Na hii ndo yenye jaribio ninalolipenda. Wakati wa mafua ya nguruwe mwaka 2009 watafiti wa China walichukua wagonjwa 410 wenye H1N1 isiyo kali wakawagawa makundi manne, wengine hawakupewa dawa ya virusi, wengine Tamiflu, wengine mchanganyiko wa yinqiao na dawa nyingine ya jadi inayoitwa maxingshigan, wengine vyote pamoja. Muda wa kati wa homa kuisha: wasiopewa kitu saa 26, Tamiflu saa 20, miti saa 16, vyote pamoja saa 15. Matokeo yakachapishwa 2011 kwenye jarida kubwa tu la madaktari Marekani. Sio mchezo. Ila soma vizuri, hamna aliyepewa dawa bandia, kila mtu alijua anakunywa nini, na walikuwa vijana na watu wazima ambao wengi wangepona tu wenyewe, na tofauti ya saa 16 na 26 ni usiku mmoja wa usingizi mzuri. Mi usingizi nauthamini, kwa hiyo siidharau, ila nani kakwambia ni muujiza.

Hapa kwenye yinqiao pana mtego ambao watu wetu wanaingia kila mwaka. Kuna vidonge vinaitwa Vitamini C Yinqiao, watu wanavinunua wakijua ni majani na vitamini, kumbe kila kidonge kina paracetamol miligramu 105 na klorofenamini ile ya mzio inayoleta usingizi. Na zile chenga maarufu za 999 Ganmaoling, boksi limejaa picha za majani, kila sacheti ina paracetamol miligramu 200, klorofenamini 4 na kafeini. Sasa we unakunywa sacheti asubuhi mchana jioni, unatafuna na vidonge vya yinqiao, alafu "kwa usalama" unameza Panadol zako mbili mbili mara nne, hesabu mwenyewe, hizo Panadol peke yake zimeshafika gramu 4 ambayo ndo mwisho wa mtu mzima kwa saa 24. Ini halijui kwamba hii ilitoka kwenye boksi la kijani na hii nyeupe. Kabla hujameza chochote geuza boksi, tafuta herufi hizi 对乙酰氨基酚, ukiziona ujue hiyo ni Panadol imevaa kanzu ya majani, na wala sio siri, imeandikwa hapo hapo pembeni, ni sisi tu hatusomi.

Ya Panadol yenyewe sina mengi. Inaanza kufanya kazi ndani ya nusu saa mpaka saa moja, inakaa saa 4 mpaka 6, dozi yake inajulikana mpaka kwa mtoto mchanga, miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo ya uzito. Haiponyi kitu, inakupa nafuu ule, unywe maji, ulale. Kwenye kushusha joto kwa haraka na kwa uhakika hamna mti hapa unaoifikia na anayebisha alete jaribio. Ibuprofeni nayo inashusha vizuri ila Guangdong kuna dengue kila kiangazi na vuli, mwaka 2014 walipata wagonjwa zaidi ya elfu 40, na kwa dengue ibuprofeni na aspirini zinaongeza hatari ya kutoka damu, kwa hiyo kama uko kusini, miezi ya mvua, umeng'atwa na mbu wa mchana na macho yanauma kwa nyuma, baki na paracetamol mpaka upime.

Haya sasa qinghao, ambayo kwetu watu wanaijua kwa jina la artemisia, Artemisia annua, mmea ambao hata Tanzania, Kenya na Uganda unalimwa kwa ajili ya viwanda vya dawa. Watu wengi wanaichanganya kwenye kapu moja na chaihu, "si zote za homa za Mchina". Hapana bwana. Kwa daktari wa jadi qinghao ni ya homa ya mchana kuelekea usiku, isiyo kali sana, inayomkausha mtu aliyeugua muda mrefu, na ya malaria. Ge Hong, karne ya 4, aliandika hivi: chukua konzi moja ya qinghao, loweka kwenye maji vipimo viwili, kamua, kunywa juisi yote. Umeona? Hakuna moto. Chaihu inapikwa mara mbili, hii inakamuliwa ikiwa mbichi kabisa.

Na hicho kitu kidogo ndo kilimpa dunia dawa. Mama mmoja mwanasayansi wa China, jina lake Tu Youyou, alikuwa kwenye mradi wa siri wa jeshi ulioitwa 523, kwasababu ulianza tarehe 23 Mei 1967, wakati wanajeshi wa Vietnam ya Kaskazini wanaisha kwa malaria msituni. Kikundi chake kilipima dawa za jadi kibao, qinghao ilikuwa inafanya kazi leo kesho haifanyi, mpaka aliposoma tena ile mistari ya Ge Hong akawaza labda moto ndo unaiua. Akaacha kuchemsha, akatumia etha ambayo inachemka kwenye nyuzi 35 hivi, na tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikafuta vimelea vyote kwa panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili wakainywa wenyewe kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Nobel ilikuja 2015. Dawa ya mseto unayopewa zahanati ya Mbagala leo, ALu, nusu yake imetoka kwenye huo mmea.

Tofauti na wenzake, artemisinini, ndo dawa yenyewe iliyomo kwenye qinghao, haipunguzi joto kwa kuugusa ubongo, inaua kimelea, kimelea kikifa homa haina sababu ya kuwepo. Kwa hiyo kwa mafua ya kawaida kunywa qinghao ukitegemea homa ishuke ni kupoteza muda tu. Na kwa malaria kunywa chai yake ni hatari zaidi, kwasababu artemisinini haipendi maji, kiasi kilichomo kwenye majani kinatofautiana sana shamba kwa shamba, na ndani ya mwili inaisha kwa masaa machache tu, vimelea vinapungua unajisikia nafuu unaenda sokoni Baiyun kupakia mzigo, alafu vinarudi. Vidonge vya mseto vimewekewa dawa ya pili inayokaa siku nyingi kumalizia kazi, chai haina huyo wa kumalizia. Shirika la Afya Duniani lilishasema 2019 kwamba haliungi mkono artemisia ya majani, iwe chai au kidonge cha unga wake, kwa kutibu wala kuzuia malaria. Najua kuna watakaonikumbusha ile dawa ya artemisia ya Madagaska ya 2020, Tanzania ikatuma mpaka ndege kuifuata, sawa, ile ilikuwa ya korona na hata hiyo korona haikuonyesha kitu cha maana kwenye majaribio yaliyoaminika.

Narudi sasa kwenye lile la kushtuka. China ilitangazwa haina malaria Juni 2021. Habari njema kwao, ila maana yake kwako ni kwamba dada wa duka la dawa huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria maisha yake yote, na daktari kijana vile vile. We umetua juzi kutoka Tanga au Mombasa, baridi na joto zinapokezana, mdomo mchungu, unatapika, unamwelezea kwa ile programu ya simu ya kutafsiri, na yeye kwa nia njema kabisa anakupa xiao chaihu, kwasababu kitabu cha Zhang Zhongjing kinafanana na unachomwambia neno kwa neno. Unakunywa, na Panadol juu, joto linashuka kidogo, mnafurahi wote wawili, wakati falciparum, kile kimelea cha malaria, inaendelea kuzaana kwenye damu na inaweza kukupeleka kwenye malaria kali ndani ya siku moja mbili. Mzee mmoja mfanyabiashara pale Xiaobei aliambiwa na vijana wake, "Mzee, hii sio baridi ya Guangzhou, hii ni ya kwetu," akabisha kwamba dawa ya Mchina imeshamtoa jasho vizuri. Walimbeba mpaka hospitali. Alipona, ila siku mbili hizo zilikuwa za bure.

Kwa hiyo ukiniuliza mi ningechukua ipi. Kama nipo China miezi mingi sijasafiri, koo linawasha, homa nyuzi 38 hivi na nina nguvu zangu, paracetamol na maji mengi, na kama napenda miti naongeza yinqiao ile isiyo na paracetamol ndani. Homa imekaa siku ya tatu ya nne ya mafua, inakuja inaondoka, chakula hakipiti, hapo xiao chaihu naona ina nafasi yake, siku mbili tatu, sio wiki mbili, na sio kama una ini bovu. Mjamzito asijichagulie mti wowote kati ya hii, paracetamol na hospitali. Mtoto, paracetamol ya maji kwa uzito wake, na akiwa chini ya miezi mitatu na ana homa hata hiyo usikae nayo nyumbani, beba mtoto. Akianza degedege mlaze ubavu, usimwekee kitu mdomoni, ita gari kwa 120.

Na kama umetoka nyumbani wiki chache zilizopita, hata miezi michache, usichague kitu hapa kwanza. Nenda hospitali kubwa, ulizia fare menzhen, kliniki ya homa ambazo nyingi walizifungua tangu SARS ya 2003, waonyeshe kwenye simu herufi hizi 疟疾 na jina la nchi uliyotoka, useme unataka kipimo cha damu. Panadol unaweza kumeza wakati unasubiri, haiharibu kipimo. Na kipimo kimoja kikitoka hasi na homa bado inapanda usirudi zako hotelini ukalala, omba kirudiwe baada ya saa 12 mpaka 24, mpaka mara tatu.